Mtoto Asiyelia Huandikwa Wapi?

Upande wa bara wa Mombasa, ng'ambo ya Mji wa Kale, lipo kaburi ambalo wengi wanaopita kila siku wakielekea Nyali na Kongowea hawana habari nalo. Hapo alizikwa Rosine Krapf, mke wa mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huohuo Rosine akafariki, siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kike. Mtoto naye hakukaa. Alimfuata mamake wiki ileile.

Huyo hakuwa wa kwanza kwao kuzikwa. Kabla ya kuja Mombasa, wakiwa safarini karibu na Massawa kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alishikwa na uchungu nyikani kabla ya siku zake kutimia. Mtoto hakudumu. Krapf alimbatiza kwa jina la Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi, akamzika hukohuko njiani.

Watoto hao wawili wanajulikana leo kwa sababu baba yao alikuwa mtu wa kalamu. Aliandika barua na shajara, na baadaye kamusi ya Kiswahili iliyochapwa London mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Mwezi ule wa Julai, bila shaka kulikuwa na akina mama wa Kongowea, Kisauni na Rabai waliorudi kutoka kujifungua mikono mitupu. Hao hawakuandikwa na mtu. Majirani walikuja, wakasema pole, haikuwa riziki, na habari ikaishia uani.

Zaidi ya miaka 180 imepita, na kalamu ya Krapf sasa imo mkononi mwa muuguzi wa zamu. Katika wodi za uzazi za serikali, kuanzia vituo vidogo vya Likoni na Kisauni hadi hospitali kuu ya Pwani ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Makadara, kuna kitabu kiitwacho MOH 333. Ni kitabu kipana. Kikifunguliwa hutanda meza nzima. Mstari mmoja ni mama mmoja. Kalamu huanzia kushoto: namba, jina, umri, mtaa, mimba ya ngapi, tarehe ya hedhi ya mwisho, wiki za ujauzito. Husogea hadi saa ya kujifungua, njia aliyojifungulia, damu iliyopotea, uzani wa mtoto. Kisha hufika kwenye safu ya hali ya mtoto.

Aliyezaliwa mfu huandikwa kwa herufi tatu tu, FSB au MSB. Za kwanza ni za mtoto ambaye ngozi yake bado ni nzima, ishara kwamba huenda alifariki saa chache zilizopita, pengine mama akiwa tayari kitandani leba. Za pili ni za mtoto aliyekaa tumboni baada ya kufa hata ngozi ikaanza kuambuka. Miezi yote ya mimba, mateke ya usiku, nguo zilizofuliwa na kukunjwa, majina yaliyobishaniwa na mashangazi, vyote huishia katika herufi hizo tatu.

Hata hivyo herufi hizo zikiandikwa vizuri zina kazi kubwa. Mwisho wa mwezi hujumlishwa na kuhamishiwa kwenye fomu MOH 711, kisha huingizwa katika mfumo wa takwimu wa wizara ya afya, ambao tangu 2011 umekuwa ukitumika nchi nzima kupitia intaneti. Kutoka hapo ndipo kaunti inapojua wodi ipi inapoteza watoto wengi, na ni wa aina gani. FSB nyingi zinasema leba ina matatizo: wakunga hawatoshi, upasuaji unachelewa, ambulensi imekwama upande wa pili wa kivuko cha Likoni. MSB nyingi zinasema tatizo liko nyuma zaidi, kliniki: shinikizo la damu halikupimwa, kaswende haikutibiwa, malaria haikukingwa. Daktari wa kaunti akiisoma fomu hiyo kwa makini, anajua pesa ziende wapi.

Kila hatua ya safari hiyo, kutoka kitandani hadi kwenye kompyuta, ina mahali pa mtoto kupotelea.

Chukua mfano wa mama anayeuza nyanya katika soko la Kongowea. Lori za kutoka bara huingia usiku, naye huwa sokoni kabla ya alfajiri kugombea kreti nzuri. Kliniki alianza mwezi wa tano, kwa sababu asubuhi ya kliniki ni asubuhi ya kukosa mauzo. Sista akamuuliza tarehe ya hedhi ya mwisho. Akajibu kwamba ilikuwa karibu na mwanzo wa Ramadhani. Sista akapapasa tumbo, akapima kimo chake, akahesabu nyuma kwa vidole, akaandika. Picha ya tumbo ya mapema, ambayo ndiyo kipimo cha kuaminika zaidi cha umri wa mimba, hakupigwa.

Sasa tuseme miezi kadhaa baadaye mtoto anaacha kucheza, na mama anajifungua mtoto asiyelia. Mimba ilikuwa ya wiki 27 au 29? Ikiandikwa 29, huyu ni mtoto aliyezaliwa mfu. Anaingia katika hesabu za kaunti na za taifa. Ikiandikwa 27, ni mimba iliyoharibika. Mama yuleyule, uchungu uleule, mtoto yuleyule aliyefunikwa kwa leso ileile, lakini hesabuni hayumo.

Uzito wa tofauti hiyo kitakwimu si mdogo. Kiwango cha watoto wanaozaliwa wafu huhesabiwa kwa kila uzazi 1,000, walio hai na waliokufa wakijumlishwa. Kituo kinachozalisha akina mama 200 kwa mwezi kikipata watoto wanne waliozaliwa wafu, kiwango chake ni 20. Wawili kati yao wakihamishiwa kwa kalamu kwenye mimba zilizoharibika, kiwango kinashuka hadi karibu 10. Hakuna mtoto aliyeokolewa, na ripoti itaonyesha mafanikio.

Mstari wa wiki ya 28 una historia yake, nao haukuchorwa hapa. Uingereza ilipitisha sheria ya kusajili watoto waliozaliwa wafu mwaka 1926, ikaanza kutumika 1927, na kikomo kilikuwa wiki ya 28. Sababu mojawapo ilikuwa hofu ya polisi na mahakama kwamba watoto waliouawa walikuwa wakizikwa kwa kisingizio kwamba walizaliwa wafu. Mwaka 1928 koloni la Kenya likapata sheria yake ya usajili wa vizazi na vifo, ambayo leo ni Sura ya 149. Tafsiri yake ya kuzaliwa ni kutoka kwa mtoto tumboni mwa mama baada ya wiki ya 28 ya mimba, awe hai au mfu. Usajili huo ulianza na wachache, ukawa haujaenea wilaya zote za nchi hadi 1971. Waingereza wenyewe walishusha mstari wao hadi wiki ya 24 mwaka 1992, baada ya madaktari kuonyesha kwamba watoto wa umri huo wanaweza kuishi. Marekani, kwa sehemu kubwa, huanza kuhesabu wiki ya 20. Shirika la Afya Duniani hutumia wiki ya 28 kwa kulinganisha nchi na nchi, ingawa uainishaji wake wa magonjwa unataka vifo vya kuanzia wiki ya 22 navyo viandikwe. Kenya imebaki na 28 iliyoirithi.

Pwani ina mistari mingine pia. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao huu, mpaka mkubwa ni miezi minne, siku 120, roho inapopulizwa. Mimba iliyopita hapo ikitoka, mtoto huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Swala ya jeneza hufungamana na dalili ya uhai: alilia, alijitikisa? Ni swali lilelile analouliza mkunga, lakini limeulizwa msikitini karne nyingi kabla ya fomu yoyote ya wizara. Ina maana kwamba bibi anayekaa Kongowea, anayemwosha mtoto wa miezi sita kwa maji ya vuguvugu na kumsitiri, anamtambua mtoto ambaye serikali bado haimhesabu. Nayo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 26, inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kati ya Katiba, fiqhi na Sura ya 149 kuna miezi mingi ambamo mtoto anaweza kufa bila kuingia katika kitabu chochote.

Turudi leba, kwa sababu huko ndiko kosa linapogharimu zaidi.

Ngozi ni shahidi dhaifu. Mtoto anaweza kufa nyumbani asubuhi, mama akafika kituoni mchana, akajifungua jioni, na ngozi bado ikaonekana nzima. Akiandikwa FSB, lawama inaangukia wodi ambayo haikumuua. Kuna pia upande wa pili: pale ambapo FSB inaleta maswali kutoka ofisini, mkono unaweza kuelemea kwenye MSB, kwa kuwa hiyo haina wa kulaumiwa. Dawa yake ni ndogo na ya zamani, ile koni fupi ambayo mkunga huiweka tumboni na kutega sikio kusikiliza moyo wa mtoto. Mama anapopokelewa tu, moyo usikilizwe na jibu liandikwe pamoja na saa. Mstari huo mmoja unatenganisha mtoto aliyefika amekufa na mtoto aliyefika hai akafia mikononi mwetu. Mahali ambapo muuguzi mmoja anahudumia akina mama watano walio katika uchungu, mstari huo ndio wa kwanza kuachwa wazi.

Halafu kuna watoto waliokuwa hai na wakaandikwa wafu. Ushahidi wa karibu ulitoka Tanzania. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha matokeo ya kazi iliyoongozwa na Dk. Georgina Msemo wa wizara ya afya ya nchi hiyo pamoja na wenzake. Wakunga wa hospitali nane walifundishwa mbinu nyepesi za dakika ya kwanza: mkaushe mtoto, msugue mgongo, akikaa kimya mpe hewa kwa mfuko na kifuniko cha uso, yote kabla ya dakika moja kwisha. Vifo vya watoto katika siku za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. La kuzingatia zaidi ni kwamba waliozaliwa wafu wa aina ya FSB nao walipungua, kwa asilimia 24.

Mfuko wa hewa haumfufui maiti. Sehemu ya watoto waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa wamezimia tu, moyo ukipiga polepole, wakisubiri pumzi ya kwanza. Zamani walifungwa nguo na kuwekwa pembeni. Ni habari nzito kuisoma, hasa kwa mama ambaye mwanawe alizaliwa miaka hiyo, lakini inafaa kusemwa wazi, kwa sababu inaonyesha kwamba mkunga anapoandika neno kitabuni anatoa uamuzi wa tiba.

Hata mizani ina upendeleo. Uchunguzi mkubwa wa 2017 na 2018, uliofuatilia zaidi ya akina mama 23,000 wakijifungua katika hospitali za Bangladesh, Nepal na Tanzania, zikiwemo Muhimbili na Temeke za Dar es Salaam, ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa wafu hupimwa uzani mara chache kuliko waliozaliwa hai. Mtu anaelewa. Mkunga amechoka, mama analia, na kumweka maiti mchanga kwenye mizani kunaonekana kama kumkosea heshima. Lakini pale ambapo wiki hazijulikani, gramu ndizo zingesema kama mtoto alivuka mstari: Shirika la Afya Duniani linakubali gramu 1,000 mahali pa wiki 28. Bila uzani na bila tarehe, kinachobaki ni kukisia.

Nje ya hospitali mambo ni magumu zaidi. Kizazi cha nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu, ambaye hujaza fomu na kuipeleka kwa msajili. Wazazi hufanya safari hiyo kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinahitajika shuleni, na baadaye kwenye kitambulisho. Mtoto aliyezaliwa mfu hataandikishwa shule. Hakuna ofisi itakayomuuliza baba cheti chake. Basi baba anayelipwa kwa siku bandarini au sokoni apoteze kibarua akapange foleni kuripoti msiba ambao hakuna anayemdai? Sheria inataka, maisha hayamsukumi. Idadi ya wanaojifungulia vituoni imepanda sana, kutoka asilimia 61 katika utafiti wa kitaifa wa 2014 hadi 82 katika ule wa 2022, hivyo tundu hili linapungua. Halijazibika.

Na watoto waliopotea hesabuni wanapofichuka, mara nyingi ni kwa kishindo. Septemba 2018 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliingia ghafla katika hospitali ya uzazi ya Pumwani na kukuta miili 12 ya watoto wachanga ndani ya maboksi. Picha zilienea nchi nzima, wakuu wakasimamishwa kazi, na kwa siku kadhaa mjadala ukawa wangapi walizaliwa wafu, wangapi walikufa baadaye, na lini. Hayo ni maswali ambayo kitabu kilichoandikwa sawasawa huyajibu kabla gavana hajagonga mlango. Kenya ina utaratibu wa kuchunguza vifo vya wajawazito na vya watoto wachanga, pamoja na waliozaliwa wafu. Kamati hukaa, hupitia faili, huuliza kilichokosekana, na kanuni yake ni kutomtaja wala kumlaumu mtu. Kanuni hiyo ni njema. Inahitaji faili zenye kitu ndani.

Ikipatikana faida ya kuhesabu, huwa kubwa. Kilifi, mwendo wa saa moja na kitu kwa matatu kutoka Kongowea, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wamekuwa wakifuatilia uzazi na vifo nyumba kwa nyumba tangu 2000. Mwaka 2016 kundi lililoongozwa na Anna Seale lilitoa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya wajawazito 7,000 wa Kilifi na Mombasa: karibu 12 kati ya kila 100 walikuwa na bakteria wa kundi B la streptokoki, ambao mama mwenyewe huwa hawamsumbui. Bakteria hao walipatikana pia katika miili ya baadhi ya watoto waliozaliwa wafu. Kabla ya hapo, vifo kama hivyo katika mwambao huu vingepewa jina la bahati mbaya, au jicho la mtu. Siku hizi chanjo ya wajawazito dhidi ya bakteria hao inafanyiwa majaribio duniani, na watoto waliohesabiwa Kilifi na Mombasa ni sehemu ya hoja kwamba inahitajika.

Katika kiwango cha dunia, hesabu ya Umoja wa Mataifa ilikuwa watoto milioni 1.9 waliozaliwa wafu mwaka 2021, na zaidi ya 40 kati ya kila 100 walifariki uchungu ukiwa umeshaanza. Ripoti ya kwanza ya namna hiyo, ya 2020, ilikiri kwamba nchi 62 kati ya 195 hazikuwa na takwimu au zilikuwa nazo zisizotosheleza. Malengo ya Milenia hayakuwataja watoto hawa. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyofuata yanataja vifo vya watoto wachanga na vya walio chini ya miaka mitano, lakini aliyefariki kabla ya kuvuta pumzi hakuwekewa lengo. Aliwekwa katika mpango wa pembeni wa 2014, unaotaka kila nchi ifikie kiwango cha 12 au chini yake kwa kila uzazi 1,000 kufikia 2030. Wizara inayopigania bajeti huulizwa kwanza kuhusu malengo makuu, na ambaye hayumo humo husubiri.

Mabadiliko yaliyoleta matumaini zaidi yalianzia kwenye swali la mlangoni. Kwa miongo mingi, tafiti za kitaifa za afya na sensa zilimuuliza mwanamke amezaa watoto wangapi walio hai, na waliokufa baada ya kuzaliwa hai. Asiyelia alidokezwa pembeni au hakuulizwa kabisa. Kati ya 2017 na 2018, watafiti katika maeneo matano, likiwemo Iganga na Mayuge nchini Uganda, walijaribu njia mbili kwa wanawake wapatao 69,000. Kundi moja liliulizwa kwa mtindo wa zamani. Jingine liliulizwa mimba baada ya mimba, kuanzia ya kwanza, kila moja iliishaje. Joseph Akuze wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliandika mwaka 2020 kwamba mtindo wa mimba baada ya mimba ulipata kiwango cha 17.4 kwa kila uzazi 1,000, ilhali ule wa zamani ulipata 15.2. Uliongeza mahojiano kwa dakika moja na ushei.

Kenya ilipofanya utafiti wake wa 2022, mtindo huo mpya ndio uliotumika. Mhoji huketi na mwanamke faraghani, mbali na mume na mama mkwe, na kumwomba wahesabu pamoja mimba zake zote. Muuza nyanya wa Kongowea, aliyezoea kuulizwa ana watoto wangapi na kujibu wawili, sasa anaulizwa amewahi kubeba mimba ngapi. Anasema tatu. Ya katikati iliishaje? Alizaliwa amekufa. Mhoji anafuata mstari unaofuata wa karatasi: alilia, alijitikisa, au alivuta pumzi hata kidogo? Mimba ilikuwa na wiki au miezi mingapi? Hilo la mwisho hana hakika nalo. Anainuka, anaingia chumbani, anainua godoro na kutoa kijitabu cha kliniki kilichofungwa ndani ya mfuko wa karatasi, kurasa zake za mwanzo zimejazwa kwa wino wa buluu.